Mama Mkwe na Mtungi Mweusi

Watu wakisikia kwamba ujana wangu niliumalizia kwenye kazi ya kukata vyuma kwa gesi, swali lao ni moja tu: "Uliwahi kuungua?" Niliungua, ndiyo, mara nyingi, na alama ninazo. Lakini siku iliyonitoa jasho kuliko zote hakuungua mtu hata unywele. Siku hiyo nilivua nguo mbele ya mama mkwe wangu, saa nne asubuhi, jua likiwaka, mjini Kakamega, na kwaya nzima ya kanisa lake ikitazama.

Wewe ambaye si wa kwetu unaweza kusema, basi kuna nini? Ngoja nikueleze. Kwetu Waluhya, mwanamume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa mbali. Hampeani mkono. Hamkai benchi moja. Mkikutana kwenye kijia chembamba, mmoja anaingia shambani kwa watu mpaka mwenzake apite, na kwa kawaida anayeingia ni wewe mwanamume, hata kama mahindi yamelowa umande na umevaa suruali ya Jumapili. Ukiwa na neno la kumwambia, unamtuma mtu, hata kama mama mwenyewe amesimama pale pale anakusikia. Kumpazia sauti, Mungu apishe mbali. Kumgusa ni jambo la kuitiwa wazee, na baba mkwe naye ni vivyo hivyo. Na kumvulia nguo, hilo wazee wenyewe wanalizungumza wakitazama chini.

Na mimi nilikuwa na sababu ya kumwogopa huyu mama kuliko desturi ilivyonidai, kwa maana hakunitaka. Alikuwa mjane wa Malinya, kule Ikolomani ambako watu huchimba dhahabu kwa sululu na ndoo. Mumewe aliingia shimoni asubuhi moja, udongo ukamfunika, akatolewa maiti. Mama akabaki na watoto na kipande cha shamba. Sasa siku nilipokwenda na wazee wangu kumposa binti yake, alikaa kimya nyuma ya pazia mpaka alipoambiwa kazi yangu. Hapo akasema, nasi tukamsikia vizuri kule sebuleni, soda mkononi, "Nimeshazika mtu wa kazi ya kuua. Mnaniletea mwingine wa moto ili binti yangu naye akae kama mimi?"

Soda ile sikuimaliza.

Binti alinitaka, wajomba walinikubali, harusi ikafanyika. Lakini kwa miaka minne mama mkwe aliniita "yule wa moto". Nikipeleka sukari, anauliza, "Imetoka kwa yule wa moto?" Watoto wawili walizaliwa, akaja kuwaona nikiwa kazini, akaondoka kabla sijarudi. Mimi nina hasira za karibu, na mara nyingi niliapa kwamba simjali. Uongo mtupu. Nilitamani mno mama huyo anikubali, aone kwamba binti yake hakuolewa na kifo. Mtu mzima mwenye ndevu zake, nilikuwa nashika nyundo huku nikimwaza mwanamke mmoja wa Malinya.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini. Karakana yangu ilikuwa karibu na soko, mabati juu na mabati ubavuni, na niliiendesha pamoja na mwenzangu, mtu wa Ekero, upande wa Mumias. Alikuwa Mwislamu mpole sana, mtu wa kusema "Inshallah" hata ukimwuliza kama ameshakula. Yeye alikuwa maji, mimi kiberiti, na ndiyo maana karakana ilidumu.

Mwanzoni gesi ya kukatia tulijitengenezea wenyewe. Ulihitaji pipa, maji na mawe ya kabaidi. Mawe yakikutana na maji yanachemka, yanatoa gesi inayonuka kama kitunguu saumu kilichooza. Wauza ndizi wa sokoni walitujia kuomba vipande vya kabaidi wakaivishe ndizi zao, na nikikataa wananiita mchoyo. Pipa lenyewe lilikuwa na tabia za mlevi: leo linatoa gesi kidogo, kesho linatoa yote kwa mpigo na kifuniko kinaenda kutua kwa fundi viatu. Fundi viatu yule aliacha kutusalimia mwaka mzima. Mama mkwe alipopata habari za kifuniko, akasema, "Si niliwaambia?"

Kwa hiyo tulipofanikiwa kuleta mitungi miwili ya kisawasawa kutoka Kisumu, ilikuwa siku ya sherehe. Mmoja ni mfupi mnene, rangi ya damu ya mzee: huo una asetilini, gesi yenyewe ya kuwaka. Mwingine ni mrefu, mweusi tititi: huo una oksijeni. Tuliishusha kwenye pikapu watu wanne, tukaisimamisha ukutani na kuifunga kwa mnyororo isianguke, na mafundi wa jirani wakaja kuitazama mmoja mmoja, wakiigonga kwa kucha.

Mimi nilikuwa nimefundishwa na mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha sukari. Nyusi alikuwa nayo moja tu, na nyingine ilikwendaje hakupenda kueleza. Alichonifundisha ni hiki: "Watu wataogopa huyo mwekundu kwa sababu ananuka. Wewe muogope mweusi. Mwekundu unamsikia akija. Mweusi hana harufu, hana rangi, na peke yake hata hawaki. Kazi yake ni kuchochea wengine." Ndivyo ilivyo. Watu wengi wanadhani asetilini ndiyo inayokata chuma. Haikati. Inakipasha moto tu mpaka kiwe chekundu. Halafu unabonyeza, oksijeni inakuja kwa nguvu, na chuma chenyewe kinaanza kuungua kama kuni, cheche zinaruka chini, mstari unafunguka. Mara ya kwanza kuliona jambo hilo nilisahau kufumba mdomo.

Kisha mzee akainua kidole. "Na mafuta," akasema. "Mafuta na oksijeni ni mtu na mama mkwe wake. Visipeane mkono hata siku moja. Ukipaka mafuta kwenye mdomo wa mtungi huu, ukafungua, hutahitaji kiberiti. Vinajiwasha vyenyewe, na wewe ndiye kuni."

Tulilishika neno hilo. Mwenzangu akila mandazi, alinawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko kabla ya kuugusa mtungi mweusi, taratibu kabisa, kama anayetawadha. Wenzetu waliokuwa wakipaka grisi kila kitu kuanzia bawaba mpaka baiskeli walituona tunajidai.

Basi mke wangu akapeleka habari Malinya kwamba sasa pipa limetupwa, tumepata mitungi. Aliporudi alikuwa amejishika shavu.

"Mama anakuja," akasema.

"Kuja wapi?"

"Hapa. Karakana. Yeye na kina mama wa kanisa. Amesema kama ni lazima binti yake akae na mtu wa moto, basi huo moto nao utaombewa."

Niliruka! Nilimrukia mke wangu, nikamwinua juu mpaka akaanza kunipiga mabegani nimweke chini. Miaka minne! Mama anakuja kwangu kwa miguu yake! Nikatoka nje nikamwambia mwenzangu, nikamwambia fundi viatu, nikamwambia hata mwanamke muuza omena ambaye hakuwa ameuliza.

Kisha nikakumbuka kanisa lenyewe. Ni kanisa la kanzu nyeupe na ngoma, na kwao kitu kipya hakitumiki kabla hakijaombewa na kupakwa mafuta. Baiskeli inapakwa kwenye usukani. Cherehani inapakwa kwenye gurudumu. Ng'ombe anapakwa kwenye pembe. Redio ya shemeji yangu ilipakwa mpaka ikawa haishiki stesheni yoyote. Na mama mkwe ndiye aliyebeba chupa ya mafuta.

Nikakaa chini.

"Mwambie mama," nikamwambia mke wangu, "tunamshukuru mno. Lakini mafuta yasiguse mitungi."

Wakati huo simu za mkononi zilikuwa hazijatufikia. Ujumbe wangu ulikwenda na mke wangu hadi Malinya, ukarudi siku ya tatu ukiwa swali: "Mama anauliza, kwani kuna nini?"

"Mwambie kuna hatari."

"Wewe unapendanga kuogopesha watu," mke wangu akasema, lakini akaenda. Jibu likarudi: "Mama anauliza, hatari yenyewe iko kwa mtungi gani?"

Nilifurahi kusikia swali hilo. Nikasema moyoni, huyu mama ana akili, anataka kujua apite wapi na aepuke wapi. Nikajibu kwa kirefu, bila kuficha: "Mwambie ni ule mweusi. Huu mwekundu watu wanausingizia tu. Mweusi ndio wenye kifo ndani yake, na kifo chenyewe kinatokea pale mdomoni juu, unapofunguliwa."

Mama akajibu neno moja: "Nimesikia." Mke wangu alinieleza kwamba alilisema taratibu, huku akikunja kanzu yake ya kanisani. Ningekuwa na akili ningejiuliza hapo hapo. Mtu wa kanisa lile ukishamwelekeza shetani anakaa nyumba gani, haendi kuombea nyumba ya jirani. Lakini mimi nilikwenda kununua unga wa chapati.

Wakaja siku ya Alhamisi, pikapu mbili zimejaa, ngoma zinasikika tangu barabara kuu. Kanzu nyeupe, misalaba ya kijani mgongoni, na mama mkwe mbele, mwembamba, amenyooka, chupa mkononi. Ilikuwa chupa ya dawa ya kikohozi, lakini ndani mafuta ya kupikia yaliyoombewa. Mimi nilikuwa nimefua ovaroli na kufagia karakana mpaka udongo mgumu ukatokeza. Pembeni, nje ya mlango, jiko la makaa lilikuwa linawaka kwa ajili ya chai ya wageni.

Nilisimama mbali, upande wa ndani, nyuma ya ekseli ya trela kuukuu la miwa, ambayo ndiyo ilikuwa kazi yetu ya kwanza. Mama alisimama upande wa mlangoni. Mke wangu tulimweka katikati, maana ndiye aliyekuwa simu yetu. Mpango ulikuwa mzuri: wataomba, mwenzangu atafungua mtungi, nitawasha moto, nitaikata ekseli ile mbele ya macho yake, aone kazi ya heshima inayofanywa na mtu mwenye akili timamu. Kisha chai.

Wakaanza. Jamani, akina mama wale walijua kuomba. Mama mkwe alipaka mafuta nguzo za mlango, akapaka jiliwa la kubania vyuma, akapaka nyundo mbili na meza. Mwenzangu alisimama kando ya mtungi mweusi, kichwa ameinamisha kwa adabu, mkononi ameshika ule ufunguo wa kufungulia vali. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuufungua mtungi kidogo tu kabla ya kufunga geji ya kupimia gesi, oksijeni ipige pshaa, itoe vumbi mdomoni. Ndivyo inavyofanywa kila mahali. Nilikuwa nimemwambia, "Ukisikia Amina, fungua."

Kosa langu la pili hilo. Mtu wa Ekero angejuaje kwamba katika kanisa la mama mkwe Amina ya kwanza si mwisho wa maombi? Ile ni ya kupumua tu. Baada yake kuna nyimbo, kuna Amina ya pili, kuna ushuhuda, halafu ndipo unaanza kuikaribia Amina yenyewe.

Ikapigwa Amina moja kubwa, mabati yakatetemeka. Ngoma zikapanda. Mwenzangu akasema "Bismillahi" yake kimya kimya, akainama, akatia ufunguo kwenye vali.

Na wakati huo huo mama mkwe akachovya kidole gumba ndani ya chupa, akageuka, akautazama mtungi mwekundu, akaupita. Akaenda moja kwa moja kwa mweusi. Alikuwa anatembea kama mtu anayekwenda kudai haki yake. Macho yake yalikuwa juu, pale mdomoni, pale pale nilipomwelekeza mimi mwenyewe kwa kinywa changu.

Na sasa nikwambie upumbavu wa mtu aliyelelewa vizuri: badala ya kumpigia yeye kelele, nilimpigia mke wangu.

"Mwambie mama asimame!"

Mke wangu alikuwa amefumba macho, anatikisa kayamba, yuko mbali na dunia.

"Mwambie mama! Mwambie mama aache!"

Akina mama wakadhani Roho amenishukia. Na kwa sababu kwaya ni kwaya, wakayapokea maneno yangu kama wimbo. Nikisema "Mwambie mama!", wao wanajibu "Mwambieee!", na ngoma inaingia mahali pake sawasawa. Nikapiga kelele zaidi. Wakaimba zaidi. Mmoja akapiga vigelegele. Mwenzangu akainua uso kunitazama, ameshangaa, lakini mkono wake ulikuwa umeshaanza kuzungusha, na nikasikia oksijeni ikianza kutoa sauti. Kidole cha mama kilikuwa kimebakisha urefu wa mkono mmoja, kinang'aa mafuta, tone linaning'inia.

Sikumbuki kuiruka ekseli. Nakumbuka tu mkono wa mama mkwe ulivyokuwa ndani ya mkono wangu, mwembamba, wenye mifupa, wenye nguvu ambazo sikutarajia, maana alinivuta akitaka kuendelea. Nikamvuta nyuma. Hatua tatu, nne. Chupa ikaruka kutoka mkono wake wa pili ikanimwagikia kifuani, yote, mpaka tumboni.

Nikamwachia. Ndipo nikajitazama. Ovaroli imelowa mafuta, oksijeni bado inapuliza hatua chache kutoka kwangu, na jiko la chai lina makaa mekundu mlangoni. Nyusi moja ya yule mzee wangu ikanijia akilini. Sikufikiri mara mbili. Nikafungua vifungo, vingine vikakatika, nikaivua ovaroli yote nikaitupa nje mbali na jiko.

Ndani nilikuwa na kaptura tu. Ya mtumba. Na kiraka nyuma, ambacho mke wangu alikishona kwa kitambaa cha pazia, chenye maua ya manjano.

Mwenzangu akafunga mtungi. Ngoma zikanyamaza moja baada ya nyingine. Mke wangu alifumbua macho wakati huo, si dakika moja kabla, akamwona mama yake anashika kifundo cha mkono wake, akaniona mimi na maua yangu.

"Mayi wee!" akasema, na kayamba ikaanguka.

Mama mkwe alikuwa ameshageuka. Akajifunika uso kwa kanzu, akatoka, akapanda pikapu, akakaa akitazama mbele. Akina mama wakamfuata wakitembea kiubavu ubavu ili wasinione. Chai ilibaki inachemka. Chapati arobaini, na hakuna mla.

Mwenzangu aliniletea gunia nijifunike. "Ndugu yangu," akasema polepole, "umemshika mama mkwe."

"Najua."

"Na umevua."

"Najua!"

"Inshallah itakuwa sawa."

Nilitamani kumpiga na spana, haki ya Mungu.

Wiki zilizofuata usiniulize. Mji wa Kakamega hausahau jambo tamu. Nikipita stendi, mtu ambaye simjui anaimba, "Mwambie mama!", na wa upande wa pili anaitikia, "Mwambieee!" Wenye baiskeli za boda walikuwa wanapiga kengele kwa mdundo huo. Fundi viatu alianza kunisalimia tena, kila asubuhi, na huo wimbo. Nyumbani mke wangu aliniwekea obusuma, ugali wetu, mezani akarudi jikoni, na nilipojaribu kujitetea akasema, "Mimi najua uliokoa mama. Lakini ungemshika kwa kitambaa hata. Sasa kule kwetu nitasema nini?" Nikapandwa na hasira nikagonga meza. "Ningeenda kutafuta kitambaa? Angekuwa ameshakuwa majivu!" Kisha nikaingia ndani nikakaa kitandani, na nilikuwa na huzuni sana. Miaka minne nilikuwa nangoja mama huyo aje kwangu, na alipokuja alionyeshwa kila kitu alichokiogopa, pamoja na kiraka juu yake.

Kanisa lilinitaka kwanza. Nilitakiwa kuombewa mimi mwenyewe, maana nilikatiza Amina. Nikapakwa mafuta kichwani mpaka yakateremka kwenye kola. Sikupinga hata kidogo. Mimi si mtungi.

Halafu wazee wa Malinya wakaniita. Hilo ndilo nililoliogopa. Kosa la kumgusa mama mkwe linatakaswa kwa kondoo, na mkosaji ndiye anayemleta. Lakini kondoo si neno. Baada ya kondoo mama anaulizwa, mbele ya wote, kama moyo wake umepoa. Akisema haujapoa, huwezi kukanyaga tena boma lile, na mke wako anaitwa nyumbani "kupumzika", na kuna wanawake waliopumzika hivyo mpaka leo.

Tulikwenda asubuhi, mimi, mke wangu na wazee wangu wawili. Nilikaa kwenye kigoda upande wa mbali wa ua, nimeipa nyumba kisogo. Mama alikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlangoni. Kati yetu alikaa shangazi wa mke wangu, ambaye sisi tunamwita senje. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kubeba maneno kutoka kwangu mpaka kwa mama na kuyarudisha.

Mzee wa kikao akaniambia nieleze. Nikaeleza habari za mtungi mweusi, za mafuta, za ile Amina. Nilijaribu kutoinua sauti. Mzee alisikiliza akichora chini kwa fimbo.

"Kwa hiyo," akasema, "uliona mkono wa mama unaenda kwa kifo."

"Ndiyo, mzee."

"Na ulijua ni mama mkwe wako."

"Nilijua."

"Ukashika."

"Nikashika."

"Na nguo?"

Watu wakatazama chini. Nikaeleza na nguo. Mzee mmoja alipatwa na kikohozi ambacho sikukiamini.

"Basi," mzee wa kikao akasema, "huyu ataleta kondoo. Dume, asiye na kilema. Senje, muulize mama kama ana neno."

Senje akageukia pazia, lakini kabla hajafungua mdomo, mama akaanza kusema mwenyewe. Kwa sauti ya kawaida. Tukamsikia sote.

"Kondoo nitatoa mimi," akasema.

Wazee wakatazamana. Jambo hilo halijawahi kusikika. Senje akasema, "Wifi, wewe ndiye umekosewa."

"Nimesema nitatoa mimi. Sasa mnisikilize, kwa sababu hii sijawahi kuisema." Sauti yake ikasogea karibu na pazia. "Siku baba ya watoto alipofunikwa kule shimoni, hakufa mara moja. Mimi nilifika na nikasikia sauti yake. Alikuwa anaita kutoka chini. Wanaume walikuwa wamesimama pale juu, wengi, wenye nguvu. Mmoja akasema, huyu ni baba mkwe wangu, siwezi kushuka nikamkumbatie. Mwingine akasema, mimi ni mkwe wa ukoo, tungojeni ndugu zake. Wakamtuma mtu na baiskeli awaite ndugu. Nikawapigia magoti. Wakaniambia, mama, tunakuheshimu, ngoja kidogo."

Baadhi ya wazee walikuwepo siku hiyo, niliziona nyuso zao.

"Ndugu walipofika," mama akasema, "sauti ilikuwa imenyamaza."

Mke wangu alikuwa analia. Hata yeye, binti wa mtu huyo, alikuwa anasikia kwa mara ya kwanza.

"Huyu hakungoja," mama akasema.

Mzee wa kikao akamwambia senje aulize kama moyo wa mama umepoa. Senje hakuuliza. Nilikaa kwenye kigoda kile, mgongo wangu kwake kama inavyotakiwa, nikalia, na wazee wakaniacha nilie.